Donge la damu linapotoka moyoni na kuziba mshipa wa mguu

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Mama yangu ana umri wa miaka 56. Miezi miwili iliyopita aliamka saa kumi alfajiri kwa maumivu makali ya mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, na mguu ulikuwa wa baridi na umepauka. Jirani alimchua kwa mafuta ya nazi ya moto, wengine wakasema amekanyaga kitu alichotegewa. Kulipokucha tulimpeleka zahanati, akachomwa sindano ya maumivu, na saa tatu asubuhi ndipo tukafika hospitali kubwa, ambako alipasuliwa kwenye kinena siku hiyohiyo. Tuliambiwa kwamba donge la damu lilitoka moyoni likaziba mshipa wa mguu, na kwamba valvu moja ya moyo wake, yaani mlango wa kupitishia damu, imekaza. Mguu umepona, ila vidole viwili bado vina ganzi. Mama hakuwahi kuugua moyo; ugonjwa mkubwa tunaoujua ni wa utotoni kwao Pangani, alipolala ndani muda mrefu kwa magoti kuvimba. Donge linatokaje moyoni likafika mguuni? Je, kule kuchuliwa ndiko kulikoleta haya? Linaweza kutokea tena? Na kwa nini ameze wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kunyimwa mchicha?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuuguza. Katika swali lako umetaja jambo moja kwa kupitia tu, yaani magoti ya mama yaliyovimba alipokuwa mtoto, na mimi nadhani jambo hilo ndilo linaloyafungua mengine yote. Mguu wa mama haukuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa moyoni, na mguuni ndipo ulipojitokeza. Mkilishika hilo, mtaelewa kwa nini alipasuliwa kinena ilhali maumivu yalikuwa chini ya goti, kwa nini hospitali iliupima moyo wa mtu aliyelalamikia mguu, na kwa nini dawa inaendelea ingawa mguu umepona.

Nianze basi na magoti. Mtoto akipata maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, na asipotibiwa ipasavyo, wiki mbili hadi tatu baadaye kinga ya mwili wake inaweza kupotea njia ikaanza kushambulia mwili wenyewe. Huo ndio ugonjwa wa homa ya rumatiki, ambao huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma kwa zamu, homa hupanda, mtoto hushindwa kutembea, kisha baada ya wiki kadhaa uvimbe hupoa na familia humshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Ni kweli kwamba magoti hupona bila kuacha alama. Valvu za moyo hazina bahati hiyo. Hasa ile iliyo kati ya chumba cha juu na chumba cha chini upande wa kushoto mara nyingi hubaki na makovu ambayo huendelea kukomaa mwaka hadi mwaka, kingo zake zikishikana na kukakamaa, mpaka uwazi ambao kwa mtu mzima mwenye afya una sentimita za mraba 4 hadi 6 unapungua kufikia 1.5 au chini ya hapo. Kazi hiyo ya kimyakimya inaweza kuchukua miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Mimi sijampima mama yako, na daktari wake ndiye mwenye majibu ya vipimo. Lakini kwa mwanamke wa huku kwetu mwenye umri huo, valvu iliyokaza na historia ya magoti kuvimba utotoni, homa ya rumatiki ndiyo sababu ya kwanza tunayoifikiria.

Unasema hakuwahi kuugua moyo. Muulize taratibu, mkiwa mmekaa wawili, kama katika miaka ya karibuni alikuwa akihema kuliko wenzake anapobeba ndoo au kupanda ngazi, kama alianza kuongeza mto wa pili usiku ili apumue vizuri, kama kuna nyakati moyo ulimwenda mbio bila sababu kisha ukatulia wenyewe. Kina mama wengi huyahesabu mambo hayo kuwa ni uzee au uchovu wa kazi, na hawamwambii mtu. Wapo pia ambao kweli hawakuhisi chochote, na donge lililoruka likawa ndiyo taarifa ya kwanza kwamba moyo una tatizo.

Sasa tuingie ndani ya moyo. Damu iliyosafishwa mapafuni huingia chumba cha juu cha kushoto, nacho huisukuma chini kupitia ile valvu. Valvu ikikaza, damu hurundikana juu yake, na chumba hicho hutanuka mwaka baada ya mwaka. Chumba kilichotanuka hupoteza utaratibu wa umeme wake: badala ya kujikaza mara moja kwa kila pigo, kuta zake huanza kutetemeka ovyo, mamia ya mitetemo kwa dakika, na mitetemo hiyo haina nguvu ya kusukuma kitu. Pembeni mwa chumba hicho kuna kifuko kidogo ambacho kila mtu huzaliwa nacho, na humo damu hutuama, kama maji yanavyotuama katika vijito vya mikoko kule Mto Sigi bahari inapokupwa. Damu ikituama huganda. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow ndiye aliyeonyesha, katikati ya karne ya 19, kwamba donge linaweza kujijenga mahali pamoja mwilini, likang'oka, likasafiri na mkondo wa damu na kuziba mshipa ulio mbali; kabla yake, madaktari wengi waliamini kwamba donge lililokutwa mahali fulani lilizaliwa papo hapo. Mambo matatu ambayo hadi leo tunayafundisha chini ya jina lake ni mtiririko wa damu uliopungua kasi, ukuta wa mshipa au wa moyo ulioumia, na damu yenyewe iliyo tayari mno kuganda. Katika moyo wa mama, la kwanza lilikuwapo kwa wingi.

Valvu iliyokaza si chanzo pekee, na wasomaji wengine wenye wagonjwa wao ni vizuri wakajua. Moyo hupoteza utaratibu wa mapigo pia kwa sababu ya presha ya muda mrefu, kwa uzee, au kwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Donge huweza kujijenga juu ya sehemu ya moyo iliyokufa baada ya shambulio la moyo, ndani ya moyo uliotanuka na kulegea, jambo ambalo huwapata hata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na juu ya valvu za bandia. Mara chache zaidi hutoka kwenye mshipa mkubwa uliotuna au wenye mafuta yaliyoganda ukutani. Hata hivyo, donge linaloruka na kuziba mshipa wa mguu au mkono, mara nyingi kabisa, limetoka moyoni.

Likishang'oka, safari yake ni fupi kuliko unavyodhani. Hushuka chumba cha chini cha kushoto, na pigo moja la moyo hulitupa katika aota, mshipa mkubwa kuliko yote. Aota hupinda juu ya moyo, na hapo hutoka matawi ya mikono na ya kichwa; kisha hushuka nyuma ya kifua na tumbo, ikigawa matawi ya figo na matumbo, na karibu usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Hakuna kinachoamua donge liende wapi zaidi ya mkondo wa damu na ukubwa wa donge lenyewe. Aota tumboni ina upana wa takriban sentimita 2. Ukifika kinena mshipa una chini ya sentimita moja, na hapo tena hugawanyika kuwa matawi mawili yaliyo membamba zaidi. Donge hupita palipo papana na kunasa pale mshipa unapogawanyika na kupungua ghafla. Njia panda ya kinena ndiyo mahali linaponasa mara nyingi kuliko pengine popote mguuni, na ile ya nyuma ya goti haiko mbali nayo. Ndiyo maana mama aliumwa chini ya goti ilhali kizuizi kilikuwa juu zaidi: misuli iliyo mbali na kizuizi ndiyo inayokosa damu, nayo ndiyo inayolia.

Huenda unamjua mzee fulani ambaye miguu humuuma kila akitembea kutoka Ngamiani kwenda sokoni, akasimama, yakaisha, akaendelea. Huyo naye ana mshipa ulioziba, lakini umeziba pole pole kwa miaka, kwa ajili ya sigara, kisukari, presha au mafuta, na katika miaka hiyo mishipa midogo ya jirani imepata muda wa kutanuka na kupitisha damu kwa njia za pembeni. Mguu wa mama haukupewa muda huo. Saa tisa usiku ulikuwa na damu ya kutosha, saa kumi haukuwa nayo. Ukosefu huu wa njia za pembeni ndio unaofanya donge linalosafiri liwe la hatari kuliko mshipa uliochakaa taratibu, na ndio unaofanya saa za mwanzo ziwe na thamani kubwa namna hii.

Kinachotokea katika saa hizo kina mpangilio wake. Kwanza huja maumivu, makali, ya ghafla, ambayo dawa za kawaida hazitulizi. Ngozi hupauka, kwa sisi wenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana zaidi kwenye nyayo, kwenye kucha na kwenye vidole, kwa hiyo usitafute mguu mzima uwe mweupe. Mguu huwa wa baridi, na mara nyingi unaweza kupitisha kiganja kutoka paja kwenda chini ukahisi mahali hasa ambapo joto linaishia. Mapigo hupotea. Kisha mishipa ya fahamu, isiyostahimili njaa ya damu, huanza kunyamaza: vidole hufa ganzi, mgonjwa akiguswa hahisi vizuri. Mwisho vidole hukataa kujongea. Ganzi na kushindwa kujongeza vidole ni dalili kwamba muda unakwisha, na hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa ganzi inapoingia maumivu hupungua, na familia hupumua ikidhani mgonjwa amepata nafuu. Kwa kawaida tunahesabu takriban saa 6 tangu kizuizi kilipoingia. Baada ya hapo misuli na mishipa ya fahamu huanza kufa kwa kiasi kisichorudishika, ingawa wengine huharibikiwa mapema zaidi na wengine hustahimili kidogo zaidi. Mguu ukishakakamaa na misuli ikawa migumu, mara nyingi kinachobaki ni kuukata ili kuokoa uhai. Mama alifika katika saa ya tano. Mlimfikisha, na mguu upo.

Kuhusu kuchuliwa, nataka niliseme wazi kwa sababu najua jirani yenu anaweza kuwa anajilaumu. Kuchua hakukuleta donge. Lilikuwa limeshanasa kabla hajagusa mguu. Madhara ya kuchua ni mawili. La kwanza ni muda uliokwenda. La pili ni joto: mguu usio na damu hauna namna ya kuliondoa joto linalowekwa juu yake, na ukiwa na ganzi mgonjwa hasemi kwamba anaungua, kwa hiyo mafuta ya moto, chupa ya maji ya moto au kukanda kwa kitambaa cha moto huweza kuacha kidonda kikubwa kwenye ngozi ambayo tayari ina njaa. Kuumika chuku na kuchanja ni vibaya zaidi, maana ni kuufungulia vidonda mguu usioweza kupona. Na hili la kutegewa, silidharau wala siwacheki waliolisema. Mtu aliyelala mzima akaamka na mguu mmoja wa baridi, bila jeraha, bila kuanguka, ana haki ya kujiuliza nani amemfanyia. Nawaomba tu wanaoamini hivyo waanze na hospitali, kwa kuwa mguu hausubiri.

Kwa hiyo mkiona tena hali ya namna hii kwa mtu yeyote, mlazeni, mguu ukiwa sambamba na mwili au chini kidogo, wala msiuinue juu ya mito, kwa sababu kuuinua hupunguza hata damu ile kidogo inayofika. Ufunikeni kwa shuka tu. Msimpe chakula, kwani huenda akaingia chumba cha upasuaji. Mpelekeni moja kwa moja hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kwa mtu wa Makorora hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na bajaji ya saa kumi alfajiri ni bora kuliko gari zuri la saa mbili asubuhi. Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba mgonjwa anaumwa mguu, kwa sababu wagonjwa wanaoumwa miguu ni wengi na watakaa kwenye benchi. Semeni: mguu umekuwa wa baridi ghafla, umekufa ganzi, na ulianza saa fulani. Maneno hayo matatu, ghafla, baridi na saa, humfanya muuguzi mwenye uzoefu ainuke.

Namna ya kutafuta mapigo ya mguu ni vyema ukajifunza sasa, wakati mama yuko salama. Weka vidole viwili juu ya mgongo wa unyayo wake, katika mstari ulio kati ya kidole gumba na cha pili, pole pole bila kukandamiza. Kisha nyuma ya kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani. Pima mguu wa pili pia ulinganishe. Wapo watu wazima wa afya ambao pigo la mgongo wa unyayo halipatikani kabisa, kwa hiyo jua lake lilivyo leo, ili siku ya mashaka uwe na la kulinganisha nalo. Halafu shika kifundo cha mkono wake upande wa kidole gumba kwa dakika nzima. Katika moyo ulio na utaratibu, pigo hufuata pigo kwa nafasi sawa. Katika moyo wa aina ninayodhani mama anao, mawili yatafuatana haraka, moja litachelewa, moja litakuwa na nguvu, jingine hafifu, wala hutapata mpangilio wowote. Kwa baadhi ya watu hali hiyo huja na kuondoka, na ndiyo sababu kipimo kimoja cha umeme wa moyo kinaweza kutoka kizuri ilhali tatizo lipo.

Hospitalini kazi ya kwanza, kabla hata ya kisu, ni kuzuia donge lisikue. Nyuma ya kizuizi damu husimama, na damu iliyosimama huganda juu ya ile iliyoganda, mkia wa donge ukirefuka kuelekea vidoleni na kuziba zile njia chache za pembeni. Sindano ya heparini huzuia mkia huo. Haiyeyushi donge lililokwisha kunasa. Hilo lazima litolewe. Daktari wa upasuaji hukata ngozi ya kinena kwa urefu wa sentimita chache, huutafuta mshipa, huushikilia juu na chini kwa kanda laini, kisha huutoboa tundu dogo. Huingiza katheta, yaani mrija mwembamba wenye puto dogo kwenye ncha, puto likiwa tupu, huipenyeza katikati ya donge mpaka ng'ambo yake, hulijaza puto maji ya chumvi kiasi kidogo sana, halafu huivuta nyuma taratibu. Donge hutoka mbele ya puto: kipande laini cha rangi ya damu ya mzee, wakati mwingine chenye mkia mrefu, na mara nyingine chenye umbo kamili la njia panda ya mshipa kilimokuwa kimenasa. Nyuma yake damu huruka, na hapo ndipo kila aliyemo chumbani anajua kwamba njia imefunguka. Kifaa hiki kilibuniwa na Mmarekani Thomas Fogarty alipokuwa bado kijana katika mafunzo ya udaktari, puto lake la kwanza likiwa limetengenezwa kwa ncha ya kidole cha glavu ya mpira, na ripoti ya matumizi yake ilichapishwa mwaka 1963. Kabla yake ilibidi mguu upasuliwe mahali pengi, na wengi waliupoteza.

Damu ikirudi, hatari haijaisha siku hiyo. Misuli iliyokaa na njaa huvimba, na kwa kuwa misuli ya mguu imefungwa ndani ya utando usiotanuka, uvimbe huo unaweza wenyewe kuibana mishipa. Ndiyo maana wagonjwa wengine hupasuliwa utando wa mguu kwa mistari mirefu, jambo linalowaogofya ndugu wakiliona ingawa ni la kuokoa. Taka zilizojikusanya kwenye misuli hurudi mwilini kwa pamoja na kuzielemea figo na moyo. Mama alivuka yote hayo. Ganzi ya vidole viwili ni mabaki ya njaa ya mishipa ya fahamu, ambayo hupona polepole sana, kwa miezi, na pengine isirudi yote. Kwa sasa mwangalieni nyayo kila jioni, asitembee pekupeku, na apime joto la maji kwa mkono kabla ya kuingiza mguu.

Umeuliza kama litarudi. Lile lililotolewa halipo tena, na hakuna kipande cha donge kilicho kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, kinachoweza kurudi juu moyoni, kwa sababu mkondo huo huenda upande mmoja tu. Watu huchanganya ugonjwa huu na ule wa damu kuganda katika vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ambapo mguu huvimba, huwa wa joto na kujaa, na donge likiruka huelekea mapafuni. Huo ni ugonjwa mwingine. Hofu yangu kwa mama ni donge jipya kutoka chumba kilekile, kwa kuwa chumba bado kimetanuka na bado kinatetemeka. Na donge jipya halina ahadi ya kwenda mguuni. Mengi yatokayo moyoni huelekea ubongoni, na hicho ni kiharusi. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hata kama yatatulia baada ya dakika kumi, nendeni hospitali. Vivyo hivyo kwa mkono uliopoa ghafla, na kwa maumivu makali mno ya tumbo ambalo ukilibonyeza ni laini, maana hivyo ndivyo matumbo yaliyokosa damu yanavyoanza.

Hapo ndipo wafarini inapoingia. Ini hutengeneza baadhi ya viambato vya kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na wafarini huuzuia msaada huo. Inahitajika maadamu chanzo kipo, na kwa moyo wa mama chanzo hakitarajiwi kuondoka, ndiyo maana mmeambiwa maisha yote. Kipimo cha INR huonyesha damu imecheleweshwa kuganda kiasi gani. Kwa mgonjwa wa namna yake lengo huwa kati ya 2 na 3. Chini ya 2, donge linaweza kuzaliwa. Juu sana ya 3, anaweza kuvuja damu. Najua nauli na foleni za kila mwezi zinachosha, na najua kuna dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho ambazo mtu anaweza kukushauri uzinunue. Tafadhali msibadilishe wenyewe. Utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa moyo wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na utaratibu katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulilinganisha dawa mojawapo kati ya hizo mpya, rivaroksabani, na dawa za kundi la wafarini, na waliotumia kundi la wafarini walipata madhara machache na walikufa wachache zaidi. Kwa wengi wenye tatizo kama hili lisilotokana na rumatiki, dawa mpya ni nzuri sana. Kwa mama, ile ya zamani ndiyo bora.

Na mchicha asinyimwe. Hili linanisikitisha kila ninapolisikia, kwa sababu mboga za majani ni chakula cha kila siku cha watu wetu, na kumnyima mtu milele humfanya ale kwa kuiba. Mchicha, kisamvu, matembele na unga wa majani ya mlonge vina vitamini K, na vikiliwa kwa wingi wiki hii na kuachwa kabisa wiki ijayo, INR hupanda na kushuka bila mpango. Ale kiasi kilekile wiki zote, na kipimo cha dawa kitawekwa kuendana na ulaji wake. Zinazonitia hofu zaidi ni dawa za duka la dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Flagyl na Septrin huipandisha INR, wakati mwingine kwa hatari. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Kila anayemwandikia dawa, kumng'oa jino au kumchoma sindano aambiwe kwanza kwamba anatumia wafarini. Choo cheusi cha kunata, fizi zinazovuja, mkojo mwekundu, au kujigonga kichwa hata kama anajisikia vizuri, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kwa wasomaji wanawake wenye umri wa kuzaa wanaotumia dawa hii: inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo zungumzeni na daktari kabla ya kubeba mimba, wala msiiache ghafla bila ushauri.

Dawa hailegezi valvu. Muulizeni daktari kama kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinaonyesha kwamba valvu inafaa kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, au kama inahitaji upasuaji, na kama apelekwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kama bado kuna donge lililobaki kwenye chumba cha juu, kutanua kwa puto huahirishwa hadi dawa ilimalize, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochezea wafarini miezi hii. Kwa wajukuu wake, koo linalouma pamoja na homa lisiachiwe chumvi na limau peke yake. Lipimwe, na likihitaji penisilini dozi imalizwe. Mtoto ambaye tayari amepata homa ya rumatiki huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na akiikosa, homa inaweza kurudi na valvu ikapata kovu jipya.

Dawa aimeze jioni, saa ileile kila siku; mwezi wa Ramadhani aimeze baada ya kufuturu, na amwambie daktari kabla ya kuanza kufunga. Akisahau na akakumbuka siku hiyohiyo kabla ya kulala, ameze. Akikumbuka kesho yake, aiache iliyopita na ameze ya siku hiyo tu, asizidishe, kisha aandike kwenye daftari lake la kliniki kwamba siku hiyo alisahau. Akienda Pangani kwa ndugu, aende na dawa za kutosha na daftari hilo, na mwenyeji wake aonyeshwe mahali vilipowekwa.